Jino la Pili la Kifuniko

Tangu nizaliwe sijavunja kitu ambacho sikukusudia kukivunja. Muulize mama yangu kule Biryogo: glasi za Noeli niliziosha mimi, dada zangu walikatazwa hata kuzitazama. Muulize mwalimu wetu wa fizikia alimkabidhi nani balbu za maabara, darasa zima likiwa limenyoosha mikono. Mikono hii, bwana, ingefaa kuzalisha wake za mawaziri. Ofisi ya upelelezi iliipata kwa bahati tu.

Basi asubuhi ile ya mwaka tisini na moja mikono yangu iliingia kwa Swafiya, fundi cherehani wa Nyamirambo, hapa Kigali, na mimi nikaifuata. Nyuma yangu askari wawili. Mlangoni umati, maana Nyamirambo ukikohoa kwa sauti ya serikali mtaa mzima unakuja kukupa pole.

Uwanja wa ndege ulikuwa umepoteza skana. Ni redio ya mkono, nyeusi, ndogo kuliko tofali, isiyosema lolote. Kazi yake kusikiliza. Inasikiliza marubani, inasikiliza mnara, na ukiizungusha kwa subira inasikiliza hata wanajeshi wakiitana. Na vita ilikuwa kaskazini. Mwaka ule aliyekutwa na kitu kama hicho hakuitwa mwizi. Aliitwa icyitso, mshirika wa adui, na jipu, gari la kambi ya jeshi, lilikuja kumchukua. Wezi niliowakamata nilikuwa nikionana nao tena sokoni, tunasalimiana. Waliopanda jipu lile sikuwa nikiwaona.

Wafanyakazi wengi wa uwanja walishonesha nguo kwa Swafiya, kwa hiyo tulianza na makoti yaliyoning'inia ukutani kwake.

"Bi Swafiya, kando ya cherehani. Uso ukutani."

"Nitazame ukuta niuone nini, Valens? Nimeupaka chokaa mwenyewe."

"Tazama hivyo hivyo."

Akageuka, futi ikiwa shingoni. Katikati ya chumba alibaki mteja wake, Mukagasana, muuza maharagwe wa sokoni, mama wa kifua na sauti. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano ambalo halijaisha: mabega yana pini, kiuno kina pini, pindo limekunjwa kwa juu na kuzungushiwa pini.

"Na wewe, mama nungunungu," nikamwambia, "toka na miiba yako. Hapa kuna kazi."

"Miiba iko ya gauni ya ndoa," akanijibu kwa Kiswahili chake cha kupimia maharagwe. "Binti yangu inaolewa Jumamosi. Mimi haitoki inje na nguo nusu, wanaume wanaangalia."

"Basi nyuma ya pazia. Na usipumue."

Pazia lenyewe lilikuwa jembamba kama supu ya bweni, na fupi: pindo la njano lilibaki likichungulia chini yake. Akaingia, tukamsahau.

Koti la tatu lilikuwa la kijivu, na lilikuwa zito upande mmoja. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu. Mkasi ulikuwa mbali na umati ulikuwa karibu, nikaukata uzi kwa meno. Nikatoa skana.

Mlangoni watu waliguna kwa pamoja. Mwanamume mmoja, na suruali aliyovaa ilikuwa kazi ya mikono ya Swafiya, nilimjua, akatema mate kizingitini. "Icyitso!"

"Mtundike!" akaitika mwingine, aliyekuwa hata hajaona kilichotolewa.

Nikasogea dirishani penye mwanga, kando ya pazia, nikiwapa mgongo. Mpelelezi mzuri hasemi tu "nimepata". Anathibitisha kuwa kitu kinatumika. Nikaigeuza skana, nikatafuta nyumba ya betri, nikachomeka ncha ya ufunguo wangu wa nyumbani pembeni mwa kifuniko. Ta! Kikafunguka kama mlango wa mtu mkarimu. Ndani betri zilikuwa zimelala kwenye kitanda chao cha plastiki, chembamba kama ukucha. Springi moja ilikuwa imechoka, na nyuma yake mtu alikuwa amechomeka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa mraba mdogo, nadhifu kama mto wa mtoto mchanga.

Nikawageukia watu. "Betri zimo! Inatumika!"

Tulipomtoa Swafiya ilibidi askari wasukume watu kwa vitako vya bunduki, maana watu hawakuja kwa kumpenda. Jiwe moja lilimkosa yeye likanipata mimi. Mtaa huu haujui shukrani.

*

Ofisini nilimketisha kwenye kiti kisicho na mguu mmoja. Ni mbinu. Mtu anayejishikilia asianguke hana nafasi ya kutunga uongo.

"Skana ya nani?"

"Sijui."

"Koti la nani?"

"La Nduwayo, wa mizigo, pale uwanja wa ndege. Aliniletea nibadilishe bitana."

"Na skana ikaota mfukoni kama uyoga?"

"Mfuko niliufunga kwa uzi mbele yake. Nguo ya mteja ikiingia kwangu, kabla sijashona kingine nashona mdomo wa mfuko. Marehemu baba alinifundisha hivyo. Mkono wangu hauingii mfukoni mwa mtu, na Nyamirambo nzima inajua."

"Hukusikia uzito?"

"Nilisikia. Mtu mmoja aliwahi kuniachia koti na samaki mfukoni. Nikashona mdomo. Akalifuata baada ya wiki."

"Na samaki?"

"Alikuwa wake."

Askari wa mlangoni akacheka. Nikamtazama, akameza.

"Usinichezee, Bi Swafiya. Mchana jipu linakuja. Umeifungua skana, hujaifungua?"

"Kitu nisichokiona nitakifunguaje?" Akanikazia macho. "Wewe Valens nilikushonea kaptula za shule. Kuna siku uliacha kitu mfukoni. Nakumbuka."

"Hatuko shuleni."

"Ulikikuta, hukukikuta?"

"Mpelekeni ndani!"

Akapelekwa. Nikabaki na meza, na juu ya meza skana mbili, maana uwanja wa ndege ulikuwa umetuletea ndugu ya ile iliyoibiwa ili tulinganishe. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kutoa moshi. Kifuniko cha betri cha ile nzima kilikuwa na meno mawili kwa ndani, vijiti vyembamba vya plastiki vinavyoshika mwili wa redio. Cha ile ya Swafiya kilikuwa kibogoyo. Meno yote mawili yalikuwa yamekatika, na pale yalipokatikia palikuwa na jeraha jeupe, jipya, halijashika hata uchafu wa vidole.

Mtu alikuwa ameifungua kwa pupa. Hivi karibuni.

Sikungoja gari. Nilirudi Nyamirambo kwa miguu, nikapiga magoti kwenye sakafu ya Swafiya, nikachambua vipande vya nguo, nyuzi na chaki. Chini ya pedali ya cherehani nikaliona: jino moja, jeusi, dogo kuliko punje ya mchele. La pili nililitafuta mpaka nikapiga chafya ya rangi saba. Halikuwepo.

Shefu Kamanzi alikuwa amesharudi ofisini nilipofika, njiti ya kiberiti ikiwa mdomoni. Ni mtu mkavu, mkuu wangu. Ukimwambia habari njema anakutazama kama umemwomba mkopo.

Nikaweka jino mbele yake. "Fundi anasema hajaigusa, hajaifungua. Jino hili nimelitoa sakafuni kwake. Kwa hiyo imefunguliwa kwake. Kwa hiyo anadanganya."

"Kifuniko kina meno mawili."

"La pili litapatikana. Atakayeniletea jino la pili, shefu, ameniletea aliyevunja."

Akahamisha njiti upande wa pili. "Unaongea sana kwa mtu mwenye jino moja. Na mwenye koti?"

"Yuko njiani."

"Naenda kuongea na kambi. Nikirudi nataka jina. Moja. Nikiwapa mawili watachukua yote."

*

Nduwayo aliletwa akiwa hana wasiwasi hata wa kukopesha. Mrefu, shati limepigwa pasi, Kiswahili cha Bujumbura chenye marashi. Akaomba kuvuta sigara. Nikamruhusu, maana nilitaka kuona kama mkono utatetemeka. Haukutetemeka.

"Koti lako?"

"Langu."

"Skana yako?"

"Si yangu. Nilipeleka koti mifuko ikiwa mitupu. Muulizeni mama mwenyewe kaweka nini."

"Anasema aliushona mfuko mbele yako."

"Anasema." Alikuwa ametoa karatasi ya fedha kwenye pakiti yake na anaikunja, mara mbili, mara nne, kama mwanafunzi aliyechoshwa na jiografia. "Shefu, mimi nabeba masanduku ya wazungu. Redio nitaisikilizia nini?"

"Watu wa uwanja mnapekuliwa getini tangu ipotee."

"Kila jioni. Ndiyo maana nasema, mtu akiiba pale ataificha wapi? Kwangu walishafika, waligeuza mpaka sufuria."

Alikuwa na majibu kama duka la Mhindi. Nikaona nimpige pigo langu. Nikamsukumia skana ile nzima.

"Fungua nyumba ya betri."

Akaitazama. Akaweka sigara kando, akaweka dole gumba juu ya kifuniko, akabonyeza, akakiteleza kuelekea chini. Hakikutoa hata sauti. Meno yote mawili salama.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa macho. Si kuna mshale hapa?"

Ulikuwepo. Mshale mdogo umechorwa kwenye plastiki, ukionyesha chini. Nilikuwa sijauona.

Sasa fuatilia hesabu, maana niliipenda sana. Aliyevunja meno hakujua mshale: alikifungua kifuniko kwa kukiinua, si kwa kukiteleza. Huyu ameuona mshale papo hapo na mkono wake ni laini. Kwa hiyo aliyevunja si huyu. Na kama aliyevunja ndiye mwenye skana, basi mwenye skana si huyu. Ilibaki mtu mmoja.

"Nenda," nikamwambia. "Na koti lako chukua."

"Bila bitana?"

"Shukuru Mungu una mikono ya kulivalia."

Akalivaa, akainama kidogo kwa heshima, akaondoka. Kwenye kisahani cha majivu aliniachia sigara nusu na ule mraba wake mdogo.

Swafiya nilimtoa tena. Safari hii sikumketisha.

"Hili ni nini?"

"Mbegu ya papai?"

"Ni jino la kifuniko. Limetoka sakafuni kwako. Nduwayo anajua kufungua, hakuvunja. Wewe hujui, umevunja. Ulikuwa unasikiliza nini? Unampelekea nani?"

Kwa mara ya kwanza aliutazama mlango. "Valens. Nina watoto wanaongoja chakula cha mchana."

"Jibu."

"Nilipokuwa nimegeukia ukuta nilisikia kitu kimelia 'ta'. Nyuma yangu. Karibu na dirisha."

"Ulisikia moyo wako."

"Moyo wangu haulii hivyo."

"Utalia kambini!" Nilipiga meza mpaka jino likaruka, nikalidaka. Unaona mikono?

Nje honi ilipigwa mara moja, ndefu. Jipu.

*

Kamanzi aliingia na luteni aliyekuwa hasalimii watu. Luteni akamtazama Swafiya toka kanga hadi kandambili. "Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu," nikasema. "Nina ushahidi."

Swafiya akashika ukingo wa meza. Hakulia. Alishika tu, na askari akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja.

Ndipo kelele zikazuka kwenye korido, mtu anakatazwa na hakataziki, na mlango ukafunguka kwa kishindo. Mukagasana. Kikoi kimefungwa juu ya gauni la njano, pini zinang'aa mabegani, jasho limemtoka kama aliyepanda mlima wote wa Nyamirambo kwa hasira, na ndivyo alivyofanya.

"Mimi inataka fundi yangu!"

"Mama, hapa si sokoni," nikamwambia. "Kavue hilo gauni kwanza, utaumiza askari."

"Nitavua namna gani? Pini zote ni yeye anajua zimeingilia wapi! Toka asubuhi mimi haiketi, haiinami. Mmemchukua katikati ya kiuno yangu!"

Luteni akatazama saa. Kamanzi akainua mkono. "Mama, huyu fundi alikutwa na redio ya wizi. Ameivunja akiifungua."

"Nani ameifungua?" Akamtazama Kamanzi, akamtazama luteni, kisha akanigeukia mimi polepole, na pini zake zote zikageuka naye. "Huyu kijana ndiye ameifungua. Na ufunguo. Mimi ilikuwa nyuma ya pazia, anasema usipumue, basi sikupumua, niliangalia. Akachokoa hivi. Ta! Ikaruka."

Nikacheka. Kicheko changu ni kizuri, wasichana wameshaniambia, lakini mle ndani hakikupata mwenzake. "Shefu, huyu anataka gauni lake tu. Angeapa hata kwamba mimi ndiye adui mwenyewe."

"Lako ni neno tu," Kamanzi akamwambia Mukagasana. "Na la mpelelezi ni neno."

"Neno?" Akapandisha kikoi, akakamata pindo la gauni. "Kuna pini moja inanichoma mguu toka asubuhi. Natembea inachoma. Nimefika hapo kwa ngazi yenu, nikapeleka kidole nitoe." Akaingiza vidole ndani ya lile kunjo la pindo, akatoa kitu, akakiweka mezani. "Si pini."

Kilikuwa cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele, na mwisho wake mmoja una jeraha jeupe.

Kamanzi akavuta kiti, akakaa, akachukua kifuniko kibogoyo. Jino langu akaliweka kwenye kisiki cha kushoto: likakaa. Jino la Mukagasana akaliweka cha kulia: likakaa.

"Gauni hili umelivaa lini mara ya kwanza, mama?"

"Leo. Fundi ilikuwa inanivalisha, hawa wakaingia. Halijapata kuvaliwa siku nyingine, bado halina hata mikono!"

"Kwa hiyo jino liliingia humu ukiwa umelivaa, na wao wakiwa ndani ya chumba." Njiti ikahama. "Valens, uliniambia nini juu ya atakayeleta jino la pili?"

"Shefu, inawezekana kwamba..."

"Ufunguo."

Nikatoa ufunguo. Akaupeleka kwenye mkwaruzo ulio pembeni mwa kifuniko. Ukalala pale kama kisu kwenye ala yake. Kisha akafungua nyumba ya betri ya ile skana, akatoa njiti mdomoni, akachokoa kwa uangalifu kile kimraba cha karatasi ya fedha nyuma ya springi. Akakiweka mezani. Macho yake yakatembea hadi kwenye kisahani cha majivu, yakasimama. Akaokota kimraba cha pili, akakiweka karibu na cha kwanza. Mikunjo ile ile. Mapacha.

"Aliyechomeka hiki ameifungua redio hii mara nyingi, na meno hayakuvunjika," akasema. "Nani amevuta sigara hapa?"

"Nduwayo."

"Getini wanapekua. Nyumbani kwake walipekua. Mfuko wa kwa Swafiya hapekui mtu, hata Swafiya mwenyewe." Alikuwa anaongea taratibu, na ningependa angepiga kelele. "Yuko wapi?"

"Nimemruhusu."

"Na koti?"

"Amelivaa."

Luteni akakohoa. "Mimi nimeambiwa kuna icyitso."

"Kuna mwizi, huyo nitamtafuta mwenyewe," Kamanzi akamjibu, akasimama, "na kuna mpumbavu, huyo ni wa ofisi yangu. Icyitso hayupo. Mwachie mama mkono."

Ilichukua muda. Luteni alimtazama Kamanzi, Kamanzi alimtazama luteni, na askari alikuwa bado amekishika kidole cha mwisho cha Swafiya. Kisha luteni akazunguka kisigino, akatoka. Tukasikia jipu likiwaka, likaondoka bila mtu.

Swafiya hakushukuru. Hakuketi. Alipiga magoti pale pale, kwenye saruji ya ofisi ya upelelezi, akavuta pindo la Mukagasana, akaanza kupanga upya pini moja moja.

"Simama wima," akamwambia mteja wake. Nami akaniambia bila kuinua kichwa, pini ikiwa katikati ya midomo: "Ile kaptula ya shule."

"Bi Swafiya, tafadhali."

"Uliileta ipunguzwe kiuno. Mfukoni mlikuwa na vitu vinalia kama sukari guru. Sikuingiza mkono. Nikashona mdomo, nikapiga pasi kwa kuzunguka." Akachomeka pini. "Ilikuwa glasi. Nyembamba, ya balbu. Wiki ile ile mwanangu, mwenzako wa darasa, akafukuzwa maabara, mwalimu anasema yeye ndiye aliyeivunja balbu. Nikanyamaza, maana mfuko wa mteja ni wa mteja."

Mukagasana akageuza shingo, pini zikalia.

"Leo," Swafiya akasema, "nimeufungua."